Imesakinishwa, lakini haiitiki

Programu nyingi za kompyuta ya mezani hujitambulisha zenyewe. Ukimaliza kusakinisha, ikoni inatokea kwenye menyu, na mara nyingine dirisha linafunguka kabla hujaliomba. Programu za mstari wa amri hazina adabu hiyo. Usakinishaji unakwisha salama, unafungua terminali, unaandika jina la programu, na kompyuta inakujibu kwamba haijui unazungumzia nini. Kwenye Linux na Mac utaona `command not found`. Kwenye Windows utapewa sentensi ndefu zaidi inayosema jina hilo halitambuliki kuwa amri. Anayeanza hudhani usakinishaji umeshindikana, basi huurudia. Akiurudia kwa njia nyingine, sasa ana nakala mbili, na amri bado haiitiki.

Pande zote mbili zimesema kweli. Kisakinishi kimeweka faili pale kilipoagizwa na waliokiandika. Kinachopokea amri nacho kimetazama kila mahali kilipoambiwa kitazame. Hakuna kati yao aliyepewa kazi ya kumwarifu mwenzake. Usumbufu mwingi wa programu mpya zisizoitika unatoka kwenye pengo hilo, na mtumiaji hulaumiwa bure kwa kosa lililofanywa na waliobuni mifumo. Windows, Mac na Linux zimelishughulikia pengo hilo kwa namna zinazotofautiana sana kwa ubora, na katika miaka ya karibuni hata iliyokuwa bora imerudi nyuma.

Programu inayosoma unachoandika kwenye terminali inaitwa sheli (ya mafuta haihusiki hapa). Wengi hudhani sheli hupekua diski nzima kutafuta jina waliloandika, jinsi kisanduku cha kutafutia cha kwenye menyu kinavyofanya. Haifanyi hivyo. Ina orodha fupi ya folda, iliyohifadhiwa katika kigezo cha mazingira kiitwacho PATH, na inazipitia moja baada ya nyingine kwa mpangilio ulioandikwa. Ikikuta faili yenye jina hilo katika folda ya kwanza inaiendesha na kuishia hapo, hata kama folda ya tatu ina toleo jipya zaidi. Haishuki kwenye folda ndogo zilizo ndani. Ikifika mwisho wa orodha mikono mitupu, inatoa lile jibu. Kwa hiyo jibu lenyewe linapaswa kusomwa hivi: haipo katika folda nilizoandikiwa. Ukitaka kuziona folda hizo, andika `echo $PATH` kwenye Linux au Mac, au `$env:Path` kwenye PowerShell ya Windows.

Orodha hii ina ukoo. Katika toleo la sita la Unix, la 1975, sheli ya Ken Thompson ilitazama mahali patatu tu, palipoandikwa ndani ya msimbo wake: folda uliyomo, kisha `/bin`, kisha `/usr/bin`. Aliyetaka pa nne ilimbidi aibadili sheli yenyewe. John Mashey wa Bell Labs akaifanya orodha iwe kitu ambacho mtumiaji anaweza kukipanga mwenyewe, na Stephen Bourne akaingiza PATH katika sheli yake iliyotoka na toleo la saba mwaka 1979. Tunayoihariri leo ndiyo hiyo hiyo: mstari mmoja wa maandishi, folda zikitenganishwa kwa nukta mbili, hauna mwenyewe wala mlinzi. Kisakinishi chochote kinaweza kuurefusha. Kingine kinaweza kuuharibu.

Hata zile folda mbili za mwanzo hazikuzaliwa kwa mpango. Diski ya mashine ya PDP-11 ilijaa, programu zilizozidi zikahamishiwa diski ya pili, ile iliyokuwa na folda za watumiaji chini ya `/usr`. Diski zikakua, sababu ikafa, mgawanyo ukabaki kwa miongo. Fedora iliunganisha folda hizo katika toleo la 17, mwaka 2012, na Debian ikafanya muungano huo kuwa wa lazima katika toleo la 12 la mwaka 2023. Nayataja haya kwa sababu vitabu vya mafunzo huwa vinaueleza mpangilio wa folda za Unix kana kwamba ulitungwa na wahenga waliokaa kikao. Sehemu yake kubwa ni mazoea tu, na mazoea yanaweza kubadilishwa.

Jambo moja lilibadilishwa kwa makusudi, nalo ni folda uliyomo. MS-DOS, iliyopata amri ya PATH katika toleo la 2.0 mwaka 1983, ilitazama kwanza folda uliyosimama ndani yake kabla ya kugusa orodha, na `cmd` ya Windows inafanya vivyo hivyo hadi leo. Unix iliiacha desturi hiyo kwa sababu ya usalama. Kwenye mashine inayotumiwa na watu wengi, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuweka katika folda ya pamoja faili aliyoiita `ls`. Msimamizi akiingia humo na kuandika `ls` ili kuona kilichomo, anaendesha mtego kwa mamlaka yake yote. Ndiyo maana programu uliyoipakua sasa hivi, iliyo mbele ya macho yako katika folda uliyomo, haiitiki mpaka uandike nukta na mkwaju mbele ya jina lake: `./programu`. Unakuwa umetaja mahali, kwa hiyo orodha haiulizwi. PowerShell ya Microsoft iliufuata mkondo huo wa Unix, lakini ikaongeza kitu ambacho sheli za Unix hazina: ikikosa amri kwenye orodha na ikaiona kwenye folda uliyomo, inakwambia kwamba ipo hapa na inakuonyesha jinsi ya kuiita. Ni ujumbe wa sentensi chache tu, na umewaokoa watu wengi kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Windows ndiyo inayowasumbua wengi zaidi. Humo desturi ni kila programu kuwa na folda yake, hivyo kila programu ya mstari wa amri inahitaji kuongezewa folda hiyo kwenye orodha. Orodha inarefuka kadiri kompyuta inavyozeeka. Tena ziko mbili, ya mashine nzima na ya mtumiaji mmoja, zote zikihifadhiwa katika sajili ya Windows, na zinapounganishwa ya mashine hutangulia. Ukiongeza folda kwenye ya mtumiaji ukitegemea ishinde programu ya zamani iliyo kwenye ya mashine, utangoja sana.

Chukua Python, ambayo kwa wengi ndiyo programu ya kwanza ya aina hii kuisakinisha. Kwenye dirisha la kwanza la kisakinishi chake, kile ambacho madarasa mengi yamekitumia kwa miaka, chini kabisa kuna kisanduku kidogo cha kuruhusu Python iongezwe kwenye PATH. Hakijawekwa alama. Kitufe kikubwa cha kusakinisha kiko juu yake, na jicho la binadamu huenda kwenye kitufe kikubwa. Tangu 2019 Windows imeongeza mkanganyiko wa pili: mfumo wenyewe huja na faili bandia iitwayo `python` ambayo kazi yake ni kufungua duka la programu la Microsoft. Mtu amesakinisha Python, anaandika `python`, na badala ya kuipata anaona duka linamkaribisha aisakinishe. Faili hiyo bandia huzimwa kwenye mipangilio ya Windows, katika sehemu ya majina ya mkato ya programu. Njia nyepesi zaidi ni kuandika `py`, kizinduzi kinachokuja na kisakinishi hicho, ambacho kwa kawaida huwekwa ndani ya folda ya Windows yenyewe na kwa hiyo huonekana daima.

Kuna tatizo jingine ambalo mafundi wa maabara za vyuo watalitambua. Fundi anaingia kwa akaunti yake, anasakinisha Python kwa njia ya haraka, anaijaribu, inaitika, anafunga mlango. Kesho yake mwanafunzi anaingia kwa akaunti yake mwenyewe na haipati. Kwa chaguo-msingi kisakinishi huweka kila kitu ndani ya folda ya mtumiaji aliyeingia, chini ya AppData, na hata alama ya PATH huingia kwenye orodha ya mtumiaji huyo peke yake. Ili wote waipate inabidi kupitia chaguo la kusakinisha kwa watumiaji wote, ambalo limefichwa kurasa mbili mbele. Mwanafunzi hana ruhusa ya kurekebisha, mwalimu hajui kilichotokea, na kipindi kinapotea.

Kisha kuna dirisha la zamani. Kila programu ikizaliwa hupewa na mzazi wake nakala ya mazingira, PATH ikiwemo, na nakala hiyo haibadiliki kwa sababu tu sajili imebadilika. Kisakinishi kikimaliza kuandika folda mpya kwenye sajili, terminali iliyokuwa wazi tangu asubuhi inaendelea na orodha ya asubuhi. Dawa ni kufunga na kufungua upya, jambo ambalo kila mwongozo husema. Usilolisikia mara nyingi ni kwamba terminali iliyo ndani ya kihariri cha msimbo kama VS Code ni mtoto wa kihariri hicho. Kufunga kichupo cha terminali na kufungua kingine hakusaidii, kwa sababu mzazi bado ana orodha kuukuu. Funga kihariri chote.

Wanaojaribu kurekebisha wenyewe kwa amri ya `setx` wana hatari yao. Amri hiyo hukata maandishi yote yanayozidi herufi 1,024, na kwenye kompyuta yenye programu nyingi PATH huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Isitoshe, njia inayoonyeshwa mara nyingi ya kuichanganya PATH iliyopo na folda mpya huzimwaga orodha zote mbili, ya mashine na ya mtumiaji, ndani ya ya mtumiaji. Aliyetaka kuongeza programu moja anaweza kupoteza tano. Dirisha la mipangilio ya vigezo vya mazingira, linaloonyesha kila folda kwenye mstari wake, ni la polepole lakini halikati kitu.

Na kuna jambo dogo linalofanya watu wadhani wamerogwa: ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R na kuandika `chrome`, kivinjari kinafunguka, lakini ukiandika neno hilo hilo kwenye `cmd`, unaambiwa halitambuliki. Kile kisanduku husoma pia sehemu ya sajili iitwayo App Paths, ambayo `cmd` haiisomi inapotafuta amri. Kompyuta moja, maswali mawili yanayofanana, madaftari mawili tofauti.

Upande wa Mac orodha ni fupi na safi, lakini ardhi imesogea chini ya miguu ya watu mara mbili. Mwaka 2019, kwa toleo la Catalina, Apple ilibadili sheli ya chaguo-msingi kutoka bash kwenda zsh. Maelekezo yaliyowaambia watu waongeze mstari kwenye faili ya `.bash_profile` yakawa yanaandika kwenye faili ambayo hakuna anayeisoma. Mwaka uliofuata zikaja Mac zenye chipu ya M1. Homebrew, kisimamizi cha vifurushi ambacho karibu kila mtumiaji wa terminali kwenye Mac anakitegemea, kilikuwa kikiweka programu zake chini ya `/usr/local`, na `/usr/local/bin` tayari iko kwenye orodha ya mfumo. Kwenye chipu mpya kikahamia `/opt/homebrew`, ili programu za chipu mpya zisichanganyike na za Intel, na folda hiyo haikuwamo kwenye orodha. Kisakinishi cha Homebrew, kikimaliza, huchapisha mistari michache ya kunakili ili kuiongeza. Mistari hiyo iko chini kabisa ya maandishi mengi, pale ambapo mtu ameshaona imefanikiwa na ameacha kusoma. Siwezi kuilaumu Homebrew sana: imesema. Lakini kusema baada ya kazi kuonekana imekwisha ni kusema kwa nusu mdomo.

Kwenye Mac hiyo hiyo utakuta programu inayoitika kwenye terminali na kugoma ndani ya kihariri kilichofunguliwa kutoka Dock. Kihariri hicho hakikuzaliwa na sheli, kwa hiyo hakikupita kwenye faili zako za mipangilio. Utakuta pia programu iliyopatikana lakini ikakataliwa kuendeshwa, kwa sababu kivinjari huweka alama ya karantini kwenye kila kinachopakuliwa na Apple huzuia isichokihakiki. Tangu toleo la Sequoia la 2024 ile njia ya mkato ya kubonyeza kulia na kuchagua kufungua imeondolewa; ruhusa hutolewa kwenye mipangilio ya faragha na usalama. Hilo ni tatizo la idhini, halihusiani na PATH, na ukilishughulikia kwa kuhariri orodha utazunguka siku nzima.

Linux ilianza vizuri kuliko wote. Kisimamizi cha vifurushi kama `apt` huchukua programu kutoka ghala moja na kuiweka `/usr/bin`, folda ambayo imo kwenye orodha ya kila mtu. Sekunde ile usakinishaji unapokwisha, amri inaitika. Hakuna kisanduku cha kuweka alama wala folda ya kuongeza. Kilichobaki kuwa kikwazo ni jina, kwa sababu jina la kifurushi na jina la amri si lazima yafanane. Ukisakinisha `ripgrep`, amri yake ni `rg`. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi cha `fd-find` kinakupa amri ya `fdfind`, na `bat` inakuja kama `batcat`, kwa kuwa majina mafupi yalikuwa yameshachukuliwa na programu nyingine. Kwa miaka kadhaa Node.js iliitwa `nodejs` kwenye mifumo hiyo, maana `node` lilikuwa tayari jina la programu ya redio za ridhaa. Mafunzo yote ya duniani yaliandika `node`, na wanafunzi wa Ubuntu wakabaki wanashangaa. Dawa hapa ni kumuuliza aliyeweka: `dpkg -L ripgrep` inaorodhesha kila faili iliyoletwa na kifurushi, na ile iliyo chini ya `/usr/bin` ndiyo amri unayoitafuta. Ni ajabu kwamba `apt` yenyewe, inayojua jibu hilo, huchapisha makumi ya mistari kuhusu ilichofungua na ilichopanga, na haitaji hata mara moja neno la kuandika ili kuiendesha programu.

Tangu Debian 10, ya 2019, kuna mtego wa aina yake. Ukijifanya msimamizi kwa `su` tupu, unapata mamlaka lakini unabaki na orodha ya mtumiaji wa kawaida, isiyo na `/usr/sbin`. Basi `usermod` na `adduser`, amri za msimamizi tangu enzi, zinaonekana hazipo. Andika `su -`, na kile kistari kinakuletea orodha yake.

Raha ya Linux iliharibiwa na kitu kizuri, yaani wingi wa lugha za programu, kila moja na kisakinishi chake. `pip` ya Python ikisakinisha kwa mtumiaji huweka amri ndani ya `.local/bin` ya folda ya nyumbani. `cargo` ya Rust ina `.cargo/bin`. Go ina `go/bin`. Wote walikimbia `/usr/bin` kwa sababu nzuri: kuandika huko kunahitaji mamlaka ya msimamizi, na kuchanganya faili zao na za mfumo kumewahi kuvunja mifumo. Tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04, `pip` inakataa waziwazi kugusa Python ya mfumo na kukuelekeza kwenye mazingira ya pekee au kwa `pipx`. Lakini matokeo yake ni kwamba Linux sasa imekuwa kama Windows: folda kwa kila familia ya programu, na orodha inayorefuka. Ubuntu ilijaribu kusaidia kwa kuweka katika faili ya `.profile` masharti yanayoiongeza `.local/bin` kwenye PATH ikiwa folda hiyo ipo. Tatizo ni neno *ikiwa*. Faili hiyo husomwa wakati wa kuingia kwenye akaunti. Mtu anayesakinisha programu yake ya kwanza kwa njia hii, folda inaumbwa saa ile, baada ya sharti kuwa limeshapimwa, na amri haiitiki mpaka atoke na kuingia upya. Kesho asubuhi akiwasha kompyuta inafanya kazi yenyewe, naye hatajua kamwe kwa nini.

Afrika Mashariki, ambako intaneti ya wengi ni bando, programu nyingi husafiri kwa flashi, na flashi ina mambo yake. Nyingi zimeumbizwa kwa mfumo wa FAT, ambao hauna mahali pa kuandika ruhusa ya kuendeshwa ambayo Linux inaidai. Ubuntu ikichomekewa flashi hiyo huchukulia kwamba zenye ruhusa ni faili zenye majina yanayoishia kwa `.exe`, `.com` na `.bat` tu. Ukiandika `chmod +x` kwenye faili iliyo ndani ya flashi, ruhusa haishiki. Nakili kwanza kwenye diski ya kompyuta, kisha toa ruhusa. Sheli hutofautisha hali hizi mbili kwa nambari ambazo wachache huzitazama: 127 amri haikupatikana, 126 imepatikana lakini haikuweza kuendeshwa. Ukiandika `echo $?` mara baada ya kushindwa utaiona, nayo itakuambia kama unahitaji kuhangaika na orodha au na ruhusa.

Ujumbe mbaya kuliko wote, kwa maoni yangu, ni ule unaosema faili haipo ilhali unaiona. Umeandika `./programu`, `ls` inaionyesha, na Linux inajibu `No such file or directory`. Faili isiyokuwepo ni nyingine: ni kipakizi ambacho programu hiyo inakitaja ndani yake. Labda programu ni ya biti 32 kwenye mfumo usio na maktaba zake. Labda ni hati ya amri iliyohaririwa kwenye Windows, ambayo kila mstari wake unaishia na herufi ya ziada isiyoonekana, kwa hiyo Linux inamtafuta mfasiri (programu inayoiendesha hati hiyo) ambaye jina lake lina herufi hiyo mwishoni. Kiini cha mfumo kinajua ni faili gani iliyokosekana, lakini kinarudisha nambari ya kosa tupu, na sheli inabaki kukisia. Baadhi ya matoleo ya bash hujitahidi kumtaja mfasiri aliyekosekana kwenye hati.

Hata programu ikipatikana, swali la pili ni kama ndiyo uliyoikusudia. Kwenye PowerShell ya zamani, toleo la 5.1 linalokuja na Windows, `curl` ni jina la utani la amri nyingine kabisa ya Microsoft, ingawa `curl.exe` halisi imo kwenye Windows 10 tangu 2018. Kisakinishi cha Git kwa Windows kinakuuliza kama unataka zana zake za Unix ziingie kwenye PATH, na kinaonya kwamba zitazifunika `find` na `sort` za Windows. Anayebonyeza bila kusoma huja kugundua wakati hati za zamani zinapoanza kutoa majibu ya ajabu. Bash nayo hukumbuka ilikoipata amri mara ya mwisho na hairudii kutafuta. Sakinisha toleo jipya `/usr/local/bin`, na `which` itakuonyesha jipya huku sheli ikiendesha la zamani, kwa sababu `which` ni programu ya pembeni isiyojua kumbukumbu ya sheli. Uliza `type` badala yake, na `hash -r` inafuta kumbukumbu hiyo. Kwenye Windows `where.exe` hukuonyesha amri iliko, na ndani ya PowerShell usiache ile `.exe`, kwa kuwa `where` peke yake ni amri ya kuchuja orodha na itakaa kimya bila kukujibu chochote.

Dawa zilizojaribiwa ni za aina mbili. Moja ni kurefusha orodha: kila kisakinishi kiongeze folda yake. Nyingine ni kuiacha orodha ilivyo na kuweka ndani ya folda moja inayojulikana kiungo kidogo kinachoelekeza kwenye programu halisi popote ilipo. Homebrew hufanya hivyo, viungo vyote vikikaa kwenye `bin` moja. Kwenye Windows, Chocolatey na Scoop huumba faili ndogo za kuelekeza ndani ya folda moja, na `winget` ya Microsoft, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2021, ina folda yake ya Links kwa programu zisizo na kisakinishi. Naona aina hii ya pili ni bora bila ubishi mkubwa. Folda moja huongezwa mara moja, haiwezi kuizidisha PATH, na ukitaka kujua ni amri zipi ulizonazo unaifungua na kusoma. Wanaoipinga husema kiungo huficha toleo gani linaendeshwa, na ni kweli. Ila orodha ndefu huficha jambo hilo hilo vizuri zaidi.

Hata hivyo viungo havitatui lile la jina, na hapa ndipo visakinishi vinapotofautiana kwa tabia. `pip` ikiweka amri mahali pasipo kwenye orodha huonya, ikitaja amri na folda yake, ingawa onyo hupotea katikati ya mistari mingine. Kisakinishi cha Rust huuliza kabla ya kuanza, hurekebisha faili za mipangilio chenyewe, na mwisho hukuambia ufungue terminali upya au uandike amri gani ili orodha mpya ianze kazi. `go install` ikifaulu haisemi lolote. Kwa mapokeo ya Unix kimya ni dalili ya mafanikio, na kwa programu inayonakili faili kimya hicho kinatosha. Kwa kisakinishi hakitoshi, kwa sababu kazi aliyoiomba mtumiaji ni kuweza kuiendesha programu, na faili iliyotua `go/bin` pasipo folda hiyo kuwa kwenye PATH haijamfikisha huko. Kabla hujagusa orodha yoyote, iite kwa anwani yake nzima, `~/go/bin/` ikifuatiwa na jina lake. Ikiitika, kilichobaki ni mstari mmoja kwenye `.profile` au `.zprofile`. Isipoitika, PATH haina hatia na tatizo lako liko kwingine.